Nilipeleka rejeta ya kompyuta kwa fundi wa malori

Mama ndiye aliyelianzisha. Usiku mmoja wa Februari, saa saba kasoro, alisimama mlangoni kwangu, kanga kaitupia kichwani, akauliza: "Hiyo mashine yako inasaga nini usiku kucha, mbona unga hatuuoni?"

Sikuwa na jibu. Kadi yangu ya picha ni RX 6800 XT, nimeinunua mtumba, na gemu likikolea inakula wati 300. Prosesa ni Ryzen 7 5800X3D, imeandikiwa 105. Jumla wati mia nne na ushei za joto, ndani ya chumba chenye dirisha moja huku Makorora, Tanga, katika mwezi ambao hata ukikaa tu kwenye mkeka unalowa. Feni za kadi zilikuwa zinapiga kelele mpaka sebuleni. Nikaamua kuipoza kwa maji: pampu inayazungusha juu ya chipu, kisha yanapita kwenye rejeta kama ya gari.

Hapo niseme kitu, maana naulizwa kila siku. Maji hayaifanyi kompyuta kuwa baridi kama friji. Chumba kikiwa na nyuzi 31, maji yako hayatashuka chini ya 31 hata ufunge rejeta kumi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye kipande cha chipu kisichozidi stempu ya barua, kulipeleka kwenye rejeta pana, ili feni zizunguke taratibu. Joto lenyewe linabaki chumbani mle mle, unalala nalo.

Jamaa yangu mmoja wa kijiweni alinishauri niongeze tangi la barafu. Nikamwonyesha chupa ya soda aliyokuwa ameishika: imetoka friji dakika mbili zilizopita, tayari inachuruzika jasho mpaka kwenye viatu vyake. Hewa yetu ya Tanga imebeba maji ya kutosha. Jasho lile likitoka juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hadithi imeisha.

Basi nikaanza kununua, na nikaanza vibaya. Nilinunua rejeta kwanza kwa sababu niliipata kwa bei nafuu: ya milimita 360, ile ya kukaa feni tatu za 120, kwa muuzaji mmoja wa Dar niliyempata mtandaoni. "Kaka, hiyo ni kopa tupu," aliniandikia. Nikalipa, ikaja na basi, nikaipangusa vumbi, nikaiweka juu ya kabati kama kombe.

Bloku za kadi na prosesa, vile vipande vinavyokaa juu ya chipu na kupitisha maji, zilikuwa bado njiani, na hizo ni za shaba iliyopakwa nikeli. Usiku nikaanza kusoma habari za madini mawili kukaa kwenye maji mamoja. Shaba na alumini zikichangia maji, alumini inaliwa. Inatoa unga mweupe, unga unaziba mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kama meno ya chanuo la chawa. Nikaitazama ile rejeta juu ya kabati. Ilikuwa nyepesi mno.

Asubuhi nikaenda nayo Ngamiani, kwa mzee mmoja anayetengeneza rejeta za malori.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari gani hii yenye rejeta ndogo hivi?"

"Si gari, ni ya kompyuta."

"Kompyuta nayo inachemsha?"

Hakungoja nimweleze. Aliigeuza, akachukua msumari, akakwaruza rangi nyeusi kwenye mdomo wa tundu la kufungia paipu, pale ndani kwenye nyuzi za skrubu ambapo rangi ni nyembamba. Pakatoka weupe unaong'aa. Kisha akavuta rejeta ya lori la zamani iliyoegemea ukuta, akaikwaruza vilevile. Tangi lake likatoka njano, mirija ikatoka wekundu. Akaweka chuma cha kulehemu kwenye ile ya lori, risasi ikatulia kama samli kwenye kikaango. Akajaribu kwenye yangu: risasi ikajikusanya tone, ikadondoka chini.

"Hii sufuria, mwanangu," akasema. "Wamekuuzia sufuria."

Nilimwandikia muuzaji kwamba rejeta yake ni alumini. Akanijibu kwamba mzigo ukishatoka haurudi. Shilingi elfu tisini zangu zikaenda hivyo.

Kuanzia hapo nilinunua kwa macho ya yule mzee. Rejeta mbili za shaba, moja ya 360 na moja ya 240, zenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa, yaliyoachana kidogo. Mapezi yaliyobanana yanataka feni ya kasi, na vumbi letu lenye chumvi likishanasa mle hutalitoa kwa brashi. Keisi, yaani sanduku la kompyuta, nikachagua baada ya rejeta, si kabla: kuna watu wananunua keisi kwa taa zake, kisha wanagundua 360 haiingii juu kwa sababu ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, zimekaa njiani.

Bloku ya kadi ndiyo ya kuangalia sana. Hainunuliwi kwa jina la kadi tu. Inafuata bodi yenyewe, matundu na vipande vilipokaa. Yangu ni ile bodi ya asili ya AMD, kampuni yenye chipu yenyewe, kwa hiyo sikuhangaika. Pampu ya kuzungusha maji ni aina ya D5, ya volti 12. Pawa saplai wati 850, na UPS, ile betri ya akiba, kwa sababu umeme unajulikana.

Paipu, vijana wanapenda zile ngumu za plastiki inayong'aa kama kioo, zinazokunjwa kwa moto. Zinapendeza. Mimi nilichukua mpira mweusi wa aina ya EPDM, milimita 10 kwa ndani na 16 kwa nje. Mipira ile laini ya kuonyesha ndani mingi hufifia na kuwa na ukungu baada ya muda. Huu mweusi hauna cha kufifia. Mzee alipouona alisema, "Huu sasa mpira wa gari," na ile ndiyo sifa kubwa niliyopata katika kazi hii yote. Maji ni yaliyochujwa madini, yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu. Ya bomba hapana, hata haya yetu ya bwawa la Mabayani tunayojisifia.

Siku ya kujaza, niliwasha pampu peke yake. Kwenye plagi kubwa ya pawa saplai unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Mazabodi inabaki haina umeme. Nikaweka tishu chini ya kila kiungo, nikaacha saa 24. Saa ya tatu tishu ya chini ya pampu ikapata doa, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nikafungua: oringi, ule mpira wa duara wa kuziba, ilikuwa imekunjika nilipokaza kwa papara. Nikaipaka maji, nikakaza upya kwa vidole bila spana, nikaanza kuhesabu 24 nyingine.

Jana chumba kilikuwa 31, maji 42, kadi 59 baada ya saa mbili za mchezo. Feni nimezishusha hadi mizunguko 800 kwa dakika. Sasa kinachopiga kelele chumbani ni pangaboi, linalia kwi-kwi-kwi, na hilo mama hataki liguswe.