Kifua changu na pumu
Nabana kifua kwa nguo ili matiti yasionekane, mwaka wa 3 sasa. Mimi si mwanamke, ingawa ndivyo nilivyoandikwa nilipozaliwa, na shati likinikaa bapa kifuani natembea Newala nzima kwa amani. Ila nina pumu tangu utotoni.

Julai iliyopita, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi lake limetanda kila mahali, nilijizungushia bendeji kutwa nzima. Jioni nikashindwa hata kumaliza sentensi. Dada yangu ndiye aliyeikata kwa mkasi, akanipa pampu ya pumu, akakaa nami hadi pumzi ikarudi. Hakuniuliza kitu. Nampenda mno kwa hilo.

Ndugu zangu, bendeji msiiguse. Inazidi kukaza kadiri unavyosogea na kupumua. Hata vazi maalumu la kubana kifua hushauriwa lisivaliwe zaidi ya muda wa saa 8 kwa siku, na usilale nalo. Mimi sasa navaa sidiria ya michezo ya saizi yangu halisi, juu shati pana. Kifua kikianza kupiga miluzi, sivai chochote cha kubana. Siku hizo ni ngumu, naona kama kila mtu ananitazama. Nachukua koti jepesi la kaka, natoka hivyohivyo.