Friwili haitaki grisi

Mafundi wenzangu wa Isevya watanuna, lakini leo nasema: friwili nyingi, ile gia ya nyuma ya baiskeli inayoshika ukikanyaga na kuachia ukitulia, zinazotupwa hapa Tabora ni nzima. Zimesongwa na grisi tu.

Juzi kaja mzee mmoja anayeleta asali mjini kwa baiskeli. Shikamoo, marahaba, kisha: "Mwanangu, nakanyaga, cheni inakwenda, tairi halitaki. Nimeambiwa ninunue mpya." Nikamwambia, "Baba, kaa kwanza."

Kifuniko cha friwili kina matundu mawili, na uzi wake ni wa kinyume. Ukikizungusha kama unakaza, ndiyo unafungua. Punchi na nyundo, kinatoka. Ndani kuna gololi ndogondogo na vijino viwili, kila kimoja kinainuliwa na springi nyembamba kama unywele. Vya mzee vilikuwa vimelala chali ndani ya uji mweusi wa grisi na vumbi. Springi ile itainua nini pale? Nikaosha kwa petroli, nikadondoshea oili nyepesi, vikaanza kulia tik-tik-tik. Hela ya friwili mpya ikabaki mfukoni mwake.

Kwenye friwili, jino linasukuma jino. Msuguano hauna kazi yoyote pale zaidi ya kukwamisha.

Klachi ya stata ya pikipiki, ile inayounganisha mota ya kuwashia na injini, ni habari nyingine kabisa, japo nayo inashika upande mmoja na kuachia upande wa pili. Haina meno. Zilizo nyingi zina rola tatu, kila moja imekaa kwenye nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na springi inaisukumia huko kwenye wembamba. Stata ikizunguka, rola zinabanwa, injini inageuka. Injini ikiwaka na kuipita stata mbio, zinaachia. Chuma juu ya chuma chenye oili hushikana kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya nguvu inayovikandamiza, ndiyo maana mteremko wa nafasi ile ni mdogo sana. Rola ikilika ikapata ubapa, au njia yake ikichimbika, inateleza.

Hapo vijana wa boda wanakimbilia kununua betri! Sikiliza kwanza. Betri ikichoka, stata inajikokota au inagonga tak-tak. Ukisikia inalia wiiii, mbio, na injini imetulia, betri haina kosa. Klachi ndiyo inateleza.

Na oili angalieni. Pikipiki nyingi klachi zake zinaoga oili ileile ya injini, sasa ukimimina ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano, unalainisha hata pasipotakiwa. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi zake zinaoga oili.

Kuna aliyeniomba nimpigie msasa rola ya zamani. Hapana. Zinabadilishwa zote tatu, na springi zake.