Simba au Yanga Wakija Sokoine: Maandalizi ya Shabiki wa Nyumbani

Siku Simba au Yanga wanapopanda Mbeya, jukwaa la uwanja wetu wa Sokoine linauma kulitazama. Mtu kazaliwa Mwanjelwa, kakulia Mwanjelwa, timu ya mjini kwake iko uwanjani, naye kavaa jezi ya wageni. Wengine huvaa mbili, ya nyumbani juu na nyingine chini yake, wakisubiri matokeo. Huo si ushabiki. Ukiamua kuwa lialia wa Mbeya City au Prisons, amua mpaka dakika ya 90.

Sababu za kuvimba kifua tunazo. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986. Mbeya City, msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, walimaliza wa tatu na kuiacha Simba nafasi ya nne. Na tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu, wakati huo ikiwa bado ya Mbarali, iliifunga Yanga 2-1 pale uwanja wa Highland Estate na kukata mfululizo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Raha ya siku kama ile mwenye timu mbili haipati.

Aibu nazo zipo. Kufungwa ni kwa wachezaji, lakini bango lililokosewa ni lako wewe na wenzako, na picha yake itazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwezi mzima.

Kosa kubwa la bango ni kuanza kuandika kutoka kushoto. Herufi za mwanzo zinatoka nene, za mwisho zinabanana pembeni. Anza katikati. Tuseme maneno ni TUPO PAMOJA: herufi 10 na nafasi moja, jumla visanduku 11. Kwenye kitambaa cheupe cha mita 4, acha sentimita 35 kila upande, kila kisanduku kinapata sentimita 30. Cha sita ndicho cha katikati, nacho ni P ya PAMOJA. Ichore kwa chaki kwenye alama ya mita 2, kisha nenda kushoto, halafu kulia. Urefu wa herufi usipungue sentimita 50 na unene wa mstari vidole vinne, la sivyo upande wa pili wa uwanja hawasomi kitu. Kabla ya kushika brashi, mwite mtu ambaye hakuwepo mlipokuwa mnachora, asome kwa sauti. Jicho lililozoea maneno halioni herufi iliyoruka.

Tumia rangi ya maji, nusu lita inatosha. Ukiizimua sana inasambaa kwenye nyuzi na herufi zinaota manyoya. Tandika nailoni chini, maana rangi inapenya. Kwa mvua na ubaridi wetu liache usiku kucha ndani ya nyumba, kisha livingirishe. Ukilikunja likiwa na unyevu, rangi inagandana. Shona pindo juu na chini, upitishe kamba. Bango lililofungwa kwa ncha nne tu, upepo unazichana.

Ngoma ya ngozi hulegea kwa unyevu na kutoa mlio butu. Iweke hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa kwa dakika 10 hadi 15, ukiigeuza. Ukiisogeza zaidi, ngozi inakauka haraka na kupasuka kwenye vigingi. Beba nailoni ya kuifunika mvua ikianza. Mpigaji naye adhibitiwe: timu ikishambulia huwa anaharakisha, waimbaji wanakosa pumzi na wimbo unakatika. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mashabiki waliotoka Dar watachoka kabla yenu. Wekeni nyimbo ndefu kipindi cha pili.

Usoni, usipake kamwe rangi ya mafuta ya mageti. Haitoki bila tina au petroli, na hivyo vyote havifai karibu na macho. Changanya vijiko 2 vya konifilawa, kimoja cha losheni na kimoja cha maji, kisha rangi ya chakula. Kwa zambarau ya Mbeya City, anza na nyekundu, ongeza bluu tone kwa tone. Nyekundu inayoelekea chungwa itakupa kahawia, uonekane umeanguka kwenye tope. Ijaribu siku moja kabla, kwa ndani ya kiwiko, ikiwasha, iache.

Sauti ikishakauka, kunywa maji ya uvuguvugu na upumzike kuongea. Kunong'ona hakuiponyi.

Mkifungwa, msivue jezi getini. Hilo ndilo wageni wanalolitafuta, na kijiweni Jumatatu utani wa aliyevua huwa mkali kuliko wa aliyetoka nayo mwilini. Ukifika nyumbani, ifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, bila Jik, uianike kivulini. Pasi ya mkaa isiiguse kabisa: joto lake halipimiki, kitambaa kinayeyuka na namba ya mgongoni inabanduka. Ikibidi, weka khanga juu yake, pitisha pasi iliyopoa hadi kuwa vuguvugu, na upande wenye namba uwe chini.