Nilivyojifunza kukitazama kinywa kabla ya kutaja ugonjwa

Nilipoanza kuona wagonjwa katika mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari wa meno, nilikuwa nimekariri majina ya magonjwa ya kinywa kama mtoto anavyokariri aya, na huko ndiko nilikojikwaa. Dada mmoja aliyekuja kung'olewa gego alikuwa na weupe wa kijivu ndani ya mashavu yote mawili, nami bila kusita nikaandika kwenye faili kwamba ana lukoplakia, yaani doa jeupe linaloweza kugeuka saratani. Mwalimu hakunikemea, alilivuta shavu kwa kidole mpaka likakaza, weupe ukatoweka, akaliachia, ukarudi. Kumbe ilikuwa lukoedema, hali ya kawaida kwa watu wengi weusi, isiyohitaji tiba, na mimi nilikaribia kumtia mtoto wa watu hofu ya saratani.

Nikatambua kwamba niliyajua magonjwa kuliko nilivyokijua kinywa chenye afya. Kwa majuma kadhaa niliwaomba wenzangu wa bweni wafungue vinywa mbele ya tochi (mmoja alinidai chapati kwanza), nikaona fizi zenye weusi wa kuzaliwa nao, vidoa vya manjano ndani ya midomo, na ulimi wenye mabaka yanayohama.

Baada ya hapo, gozi, kile kitambaa chepesi cha kufutia vidonda, ilinifaa kuliko daftari. Utando mweupe ukifutika na kuacha wekundu, nafikiria fangasi, kisha nauliza kuhusu kisukari, VVU, dawa ya pumu ya kuvuta, na meno ya bandia yasiyovuliwa usiku. Vidonda vidogo vya duara ndani ya shavu huwa ni afta mara nyingi, vidonda vya kawaida visivyoambukiza, ilhali vinavyorudi kwa kujikusanya kwenye fizi au kaakaa gumu hunielekeza kwenye herpesi, ugonjwa wa virusi.

Mwishoni mwa mwaka alikuja mzee mtumiaji wa ugoro, akiwa na kidonda ubavuni mwa ulimi kwa miezi miwili, ambacho alisema hakimuumi na kwamba kimetokana na jino lililovunjika. Nilikipapasa, nikakuta kingo ngumu zilizoinuka, na chini ya taya tezi isiyosogea. Safari hii niliandika mahali kilipo, ukubwa wake, ugumu wake na muda wake, nikaacha wazi mstari wa jina la ugonjwa. Mwalimu alisoma, akampapasa mzee mwenyewe, na siku hiyohiyo kikakatwa kipande kidogo cha kidonda kupelekwa maabara.