Mkia wa mjusi wa jikoni
Mwezi uliopita paka wetu alimrukia mjusi kafiri nyuma ya jiko la gesi. Mjusi akaponyoka, mkia ukabaki sakafuni unarukaruka peke yake, mwanangu akapiga ukelele majirani wakatoka nje. Jana nikamwona tena ukutani, kinundu cheusi kimeshachomoza pale palipokatika.

Mimi mwenye skrubu mbili kifundoni tangu nianguke na bodaboda, wivu ukanishika. Nikakesha nasoma. Kumbe mkia mpya hauna pingili za mfupa, ndani ni gegedu tupu (kitu kigumu kinachopindika, kama cha sikioni), umbo lake kama mrija. Fundi hasa ni aksoloto wa Meksiko, mnyama wa majini wa kundi la vyura: akikatika mguu, seli hujikusanya kwenye kidonda, na mguu unarudi na mifupa, misuli, hadi vidole.

Na hapa kwetu Kenya kuna panya wa miiba! Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba ngozi yake huchanika kirahisi akikamatwa, kisha huota upya na manyoya yake. Hata tundu la milimita 4 sikioni huziba, gegedu likiwemo. Mamalia kama mimi, jamani.

Sasa kila asubuhi mwanangu anakagua kifundo changu.