Mwaka 1960 ukisomwa kutoka Lubumbashi

Kila mwaka ikikaribia tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, redio zinarudia hotuba zilezile tatu: ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, ya rais Kasa-Vubu, ya waziri mkuu Lumumba. Ni hotuba za kusikiliza, hakuna ubishi. Lakini mtu wa Lubumbashi akizitegemea hizo peke yake, hataelewa kwa nini siku kumi na moja tu baada ya dipanda (uhuru) jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitangaza nchi. Jambo hilo lilianza kuiva wiki kadhaa kabla, ndani ya baraza la jimbo, na lilihusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ukumbini ili kura ipigwe.

Kabla ya kwenda mbali, weka karatasi ya majina pembeni, maana vitabu na magazeti ya wakati ule havikusaidii. Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie. Bakwanga ndiyo Mbuji-Mayi, Luluabourg ni Kananga, Port-Francqui ni Ilebo, Thysville ni Mbanza-Ngungu, Stanleyville ni Kisangani, na Léopoldville, yaani Kinshasa, kila mtu anaijua. Asiyekuwa na karatasi hiyo huchanganya Bakwanga na Bukavu, halafu mwezi wa Agosti wote unampotea.

Sasa akidi. Mkutano wa meza ya duara mjini Brussels, wa Wabelgiji na viongozi wa Kongo, ulianza tarehe 20 Januari na kuendelea mwezi mzima. Lumumba alikuwa gerezani Jadotville. Wajumbe walisisitiza aletwe, akatolewa na kupandishwa ndege. Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikawekwa: 30 Juni. Miezi mitano! Ndani ya miezi hiyo iandikwe sheria ya msingi (ilitiwa saini tarehe 19 Mei), uchaguzi ufanyike, serikali ya taifa na za majimbo sita ziundwe.

Katika Katanga, baraza la jimbo lilikuwa na viti 60 vya kupigiwa kura. Conakat, chama cha Moïse Tshombe, ilipata 25. Kartel (muungano wa vyama) ya Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga cha Jason Sendwe, ilikuwa nyuma yake kwa viti vichache tu. Waliobaki walikuwa wa vyama vidogo na watu huru, na wengi wao waliegemea upande wa Conakat. Sheria ya msingi ilisema serikali ya jimbo haichaguliwi mpaka theluthi mbili ya wajumbe wawemo ukumbini. Piga hesabu mwenyewe: Balubakat wakitoka nje, akidi imevunjika. Wakatoka. Walitaka wagawane serikali, Conakat ikataka kuishika peke yake.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Katikati ya Juni, majuma mawili kabla ya uhuru, bunge la Ubelgiji likabadilisha kifungu kile, na wengi wa kawaida wakatosha. Conakat ikaunda serikali karibu yote ya watu wake, Tshombe rais wa jimbo, Godefroid Munongo mambo ya ndani. Balubakat, waliokuwa na wapiga kura wengi mno kaskazini ya jimbo, wakabaki mikono mitupu. Kila kitakachotokea baadaye Luena, Kabalo au Manono kina mzizi hapo. Binafsi naona marekebisho yale yalifanya madhara kuliko hotuba yoyote ya mwaka ule, na ajabu ni kwamba hayana hata sikukuu ya kuyakumbuka.

Jeshi nalo. Force Publique, jeshi la koloni, ilikuwa na askari kama 25,000, na maafisa wapatao 1,000, wote Wabelgiji. Mkongomani aliyepanda sana aliishia cheo cha ajida, ambacho si cha afisa. Uhuru ukafika, mawaziri wakapata magari, askari akabaki na kamanda yuleyule. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens, mkuu wa jeshi hilo, akaandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Jioni ileile kambi ya Thysville ikawaka. Lumumba akajaribu kupandisha kila askari cheo kimoja, lakini nafasi za maafisa hazikuguswa, kwa hiyo dawa haikuingia kwenye kidonda. Tarehe 8 Julai ndipo makamanda Wakongomani wakateuliwa: Victor Lundula, aliyekuwa bourgmestre (meya) huko Jadotville, akawa jenerali, na Joseph-Désiré Mobutu akawa mnadhimu mkuu wa jeshi kwa cheo cha kanali.

Uasi ukafika Élisabethville usiku wa tarehe 9, kambi Massart. Wazungu kadhaa wakauawa, mmoja wao makamu wa konseli wa Italia. Kesho yake wanajeshi wa Ubelgiji wakaja kutoka Kamina. Watu wengi hudhani Kamina ilikuwa kambi waliyoivamia. Sivyo. Mkataba wa urafiki uliotiwa saini tarehe 29 Juni uliwaachia Kamina na Kitona, kwa sharti kwamba wasiingie kazini ndani ya Kongo pasipo ombi la waziri wa ulinzi wa Kongo. Waziri huyo alikuwa Lumumba mwenyewe, na hakuomba. Aliyeomba ni Tshombe, ambaye kwa mkataba ule hakuwa na mamlaka hayo. Jioni ya tarehe 11 Julai akatangaza redioni kwamba Katanga ni nchi huru.

Siku iliyofuata ndege ya Kasa-Vubu na Lumumba ilitaka kutua Luano, uwanja wetu huu wa ndege. Munongo na maafisa wa Kibelgiji wakakataa, ndege ikageuka. Siku hiyohiyo wawili hao wakapeleka simu ya maandishi Umoja wa Mataifa kuomba msaada wa kijeshi. Azimio nambari 143 likapita usiku wa kuamkia tarehe 14, na siku iliyofuata askari wa kwanza wa kofia za buluu walikuwa wameshafika Léopoldville. Haraka ya namna hiyo ni nadra New York.

Kuingia Katanga kulichukua muda zaidi. Ralph Bunche, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikuja mwanzoni mwa Agosti, akaona wakilazimisha kuna vita, wakaahirisha. Tarehe 12 Agosti Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akaja mwenyewe na askari wa Uswidi. Luano ikataka itue ndege yake peke yake. Akajibu kwamba zinatua zote au hatui yeye. Zikatua zote. Ila chini alikuta bendera ya Katanga yenye misalaba mitatu ya shaba ikimngoja, na picha zilizopigwa pale zilimsaidia Tshombe kuliko zilivyomsaidia yeye. Nchi iliyoitambua Katanga rasmi hata hivyo haikupatikana hata moja, si mwaka ule wala baadaye.

Katanga iliishije basi? Kwa shaba. Union Minière, kampuni ya migodi, ilitoa karibu tani 300,000 mwaka ule, uasi wa jeshi haukuzima tanuru. Kodi na ushuru vilivyokuwa vikienda Léopoldville vikaingia hazina ya Tshombe, na jimbo hili ndilo lililokuwa likitoa karibu nusu ya mapato ya taifa. Fedha hizo zikalipa jandarmeri mpya, jeshi la Katanga, yenye Wabelgiji zaidi ya 200 wa kuiongoza.

Tatizo lilikuwa njia ya kusafirisha shaba. Ile iliyoitwa njia ya taifa ilipanda kwa reli hadi Port-Francqui, ikashika meli juu ya Kasai na mto Kongo hadi Léopoldville, kisha reli tena hadi Matadi. Reli hiyo inapita Luena, katikati ya nchi ya Balubakat, na vijana wao wakaikata. Shaba ikageuzwa kwenda Lobito kwa reli ya Benguela, au kusini kupitia Rhodesia. Anayedhani vita ya kaskazini ilikuwa ya kikabila tu aweke ramani ya reli juu ya ramani ya mapigano. Tarehe 8 Novemba, huko Niemba, doria ya Waayalandi 11 wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa, wakafa tisa. Wapiganaji wa Kibaluba hawakuwatofautisha na askari wa Tshombe.

Septemba nitaipitia upesi, imeandikwa sana. Tarehe 5 Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba redioni, akitumia kifungu cha 22 cha sheria ya msingi. Amri ya namna hiyo ilidai saini ya waziri pembeni. Mawaziri Bomboko na Delvaux wakaitia. Lumumba naye akamfukuza Kasa-Vubu, jambo ambalo sheria haikumpa. Wabunge wakafuta mafukuzo yote mawili kwa kura 60 dhidi ya 19. Umoja wa Mataifa ukafunga redio ya Léopoldville kwa wote wawili, lakini Kasa-Vubu alikuwa na redio ya Brazzaville ng'ambo ya mto, Lumumba hakuwa na kitu. Tarehe 14 Mobutu akatangaza kwamba wote wawili amewaweka kando. Lumumba alitoroka usiku wa tarehe 27 Novemba, akashikwa karibu na mto Sankuru mwanzoni mwa Desemba, akapelekwa kambi ya Thysville, ileile iliyoasi Julai.

Mwaka ulipoisha kulikuwa na serikali nne: ya Léopoldville, ya Gizenga, aliyekuwa naibu wa Lumumba, kule Stanleyville, ya Kalonji, aliyejitenga na Kasai ya Kusini, kule Bakwanga, na ya Tshombe hapa. Siku ya Noeli watu wa Stanleyville waliichukua Bukavu. Januari walishuka hadi Manono, mji wa bati, na hapo Balubakat wakatangaza jimbo lao wenyewe la Lualaba, lenye baraza ambalo akidi yake haikuhitaji mtu wa Conakat.