Noti ya Mia Tano

Mwaka 2011 Dar es Salaam tuliishi kwa ratiba ya mgawo wa umeme. Mvua zilikuwa zimepungua, mto Ruaha Mkuu unaleta maji kiduchu, na redio inatutajia kina cha bwawa la Mtera kama inavyotaja matokeo ya Simba na Yanga: maji yanashuka kuelekea mita 690 kutoka usawa wa bahari, yakifika hapo mitambo ya umeme inazimwa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa jiografia alikuwa ametoka kutufundisha mabadiliko ya tabianchi, nami nikajipa ukamanda wa umeme nyumbani kwetu Mbagala. Nilichomoa bulbu saba za wati 60, zile zinazounguza vidole, nikaweka za wati 11 nilizonunua kwa kubana nauli. Kwa saa tano za usiku tunaokoa karibu uniti moja na robo tatu, nilipiga hesabu. Dada zangu niliwanyang'anya pasi. Nguo zote Jumapili, mara moja.

LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaendelea kuisha upesi.

Usiku mmoja, umeme ukiwepo, nikazima kila taa nikasimama mbele ya mita. Ile taa ndogo nyekundu ikaendelea kukonyeza. Nyumba kimya, ila friji linaunguruma.

Friji lilikuwa la mama, la mtumba. Barafu na juisi ya ukwaju alizouza mlangoni ndizo zilizonilipia ada. Nikamwambia tulizime usiku.

“Zima. Ukirudishwa ada, waambie walimu umeiokoa Mtera.”

Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya mia tano, akaibana kwenye mlango wa friji na kuivuta kwa vidole viwili. Ikatoka bila ubishi.

“Baridi inavujia hapa. Nilikwambia tangu Ramadhani, mwanangu. Ukasema ukipata nafasi.”

Kweli alikuwa ameniambia. Mimi nilikuwa na bulbu zangu.

Tukaukanda mpira wa mlango kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukalainika, tukaupaka mafuta ya mgando, tukalivuta friji mbali na ukuta. Vumbi la nyuma lilikuwa zito kama blanketi. Nilipiga chafya hadi usiku wa manane.

Mama akaibana noti tena, akavuta. Safari hii iligoma, na alipokaza mkono ikachanika pembeni. Akainyoosha juu ya goti lake, akanipa.

“Hii utapandia daladala wewe.”